Kamba Iliyoishia Tano

Nyaramba, Kisii,
Jumatatu.

Dada yangu Mwanakombo,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji. Mama vipi na magoti yake? Na Zuhura wangu, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, moyo ndio sina.

Barua yako nimeisoma mara nne. Pale uliposema Zuhura sasa anakuita mama, nililia mpaka mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza nani amekufa. Miaka mitatu, dada! Nilimwacha hata kutembea hajui vizuri. Ndiyo maana niliing'ang'ania ile fomu ya uhamisho. Mkaguzi aliniahidi kwamba walimu wasiosomea ualimu, hawa ninaowafundisha hesabu mpya kila Jumapili (Jumamosi wako kanisani, ni Wasabato), wakiielewa tu, atatia sahihi nirudi pwani.

Jana alikuja. Somo lilikuwa la zaidi na pungufu, ambalo hata mimi hunitoa jasho. Nilitandaza kamba uwanjani, nikaifunga vitambaa kuanzia hasi tano mpaka tano, sifuri katikati. Ubaoni nikaandika: x ukiiongezea tatu ni zaidi ya tano. Basi x ni zaidi ya mbili. Kwenye mbili nikaweka kiduara kitupu, maana mbili yenyewe haimo. Nikaita watu wasimame kwenye majibu. Mwalimu Nyaboke akasimama tatu, mwenzake tano. Halafu, ili nijigambe mbele ya mkaguzi, nikamwita Mwalimu Ombati, mzee wa mvi, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote. Kwenye kamba ilikuwa imebaki nne tu, katikati ya Nyaboke na mwenzake. Mzee akaitazama kamba, akaenda kusimama hasi nne.

Nilimcheka, dada. Ulimi wangu unaujua. "Mzee, leo hasi nne imekuwa zaidi ya mbili?"

Hakuna aliyecheka nami. Nyaboke akajifunika uso kwa leso. Mwalimu mmoja akaninong'oneza, "Madam, huyo Nyaboke ni bibi ya kijana yake. Huku kwetu baba mkwe hawezi simama karibu na yeye hivyo. Ni aibu kubwa."

Ardhi ingepasuka ningeingia. Nikamwomba mzee radhi mbele ya wote. Akanijibu polepole, "Jibu nilijua, madam. Yenye imekosa ni kamba yako. Umeikata kwa tano, na hii hesabu haina mwisho. Ungeweka mshale."

Akazunguka mpaka ncha ya kamba, akaendelea mbele akihesabu hatua kwa sauti, sita, saba, nane, hadi kumi na tano, kando ya shamba la majani chai. Akageuka. "Na hapa si ni zaidi ya mbili?"

Walipiga makofi. Nyaboke alicheka ndani ya leso yake. Baada ya hapo hakuna aliyekosa, hata pale unapogawanya kwa hasi na alama ikageuka. Mkaguzi alifurahi mno, nami moyoni nikaanza kufunga mizigo.

Kisha akaniita kando. "Hawa watu wamekuelewa, mwalimu. Nikikutoa hapa nitamweka nani?" Akaikunja fomu yangu, akaitia mfukoni. Nikauliza, mpaka lini? Akasema, "Miaka isiyopungua miwili."

Isiyopungua! Jana hiyohiyo nimewafundisha watu maana ya neno hilo: miwili imo, na mbele yake hakuna mwisho. Ningefundisha vibaya, angesema sistahili kuhama. Nimefundisha vizuri, sihami. Kuacha kazi nako siwezi, maana tangu afariki baba yake Zuhura nyote mnanitegemea. Nimenaswa, dada, na nina hasira hata na makofi yale.

Nisalimie shemeji, na mama umwambie aniombee dua. Msalimie mwalimu wetu wa chuoni, na yule jirani mshonaji aliyenishonea nguo za safari.

Umeniandikia kwamba kila Zuhura akikuita mama unamkanya, unamwambia, "Mama yako yuko Kisii." Mtoto anataka mama wa kumshika mkono, si wa kuambiwa. Dada, usimkanye tena.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi