Kikombe cha Muoki

Mugutha, Ruiru
Jumapili jioni

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, ila Muoki bado anakohoa kidogo asubuhi. Natumaini mvua imewafikia huko Gatuanyaga, mbuzi wamepata majani, na goti lako halikusumbui sana. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu utanikatia katikati, na safari hii, Mama, nimekasirika na nataka nimalize.

Unajua tulivyongoja mdomo wa mjukuu wako ushonwe. Januari anaanza shule, nami niliapa hataingia darasani na ule mwanya wa mdomo aliozaliwa nao ili wenzake wamcheke. Hospitali ilipotupa siku, nesi alituonya kwamba mtoto akiwa na mafua hapewi dawa ya usingizi, atarudishwa nyumbani. Basi nikamlinda kama mboni ya jicho. Kanisani kuna lile pipa la maji lenye kikombe kimoja kilichofungwa kwa kamba, na kila mtoto, mwenye kamasi na asiye na kamasi, anakunywea hicho hicho. Sikumpeleka. Mama mkwe akasema nimeanza maringo ya kizungu. Jirani yangu Auma nilimwomba wanawe wasicheze na Muoki kwa muda, na wala hakununa. Tangu siku ile, kila akija kwangu alinawa mikono mlangoni kabla ya kuingia.

Siku yenyewe tulifika Thika mapema, Muoki hajala kitu, amevaa shati jipya, anamwambia kila nesi kwamba akitoka humo atapiga mluzi. Alikuwa amepiga chafya njia nzima nami najidanganya kwamba si kitu. Daktari alimsikiliza kifua, akamtazama pua, akasema turudi nyumbani. Mtoto hakuelewa mpaka nilipoanza kumvalisha viatu. Alilia, Mama, mpaka watu wakageuka.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mama mkwe akasema ni baridi, eti nilimwogesha asubuhi bila kumfunika kichwa. Baridi gani? Mbona ile ya Julai ilimpita salama? Mafua hutoka kwa mtu yakaingia kwa mtu, kwa mikono na kwa vikombe, nesi alinieleza vizuri. Na wewe ukapiga simu, ukasema ni watoto wa Auma, ukataka uongee naye mwenyewe. Nami mjinga nikampa simu. Sijui ulimwambia nini chote, lakini alinirudishia simu akaenda zake, na tangu hapo hanisalimii. Mtu aliyekuwa akinawa mikono mlangoni kwangu!

Sasa nisikilize. Watoto wa Auma hawakuwa na mafua. Wewe ndiwe uliyekuwa nayo. Jumamosi ile kabla ya siku ya hospitali, ulipokuja kumbariki, ulikuwa unapenga kwenye leso na kusema ni vumbi la barabarani. Ulichukua kikombe chake, ukanywa fundo moja, ukamtemea mate kifuani kama Nyanya alivyotubariki sisi, kisha ukampa maji yaliyobaki ayamalize. Niliona yote. Nilisimama pale na sufuria mkononi nikashindwa kukuzuia, kwa maana nani amewahi kumwambia mama yake akae na baraka zake? Kwa wengine nilikuwa simba, kwako nikawa kuku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa leso ya mama. Auma ametukanwa bure, nami nikanyamaza. Hilo linaniuma kuliko yote.

Tumepewa siku nyingine mwezi ujao. Nakuomba, tafadhali, usije kabla ya siku hiyo. Mbariki kwa simu. Mungu anasikia hata bila mate. Akishashonwa njoo ukae utakavyo, gilasi yako nimeshakununulia. Ila ukifika hapa kwenye ploti tunapopanga, mlango wa kwanza kubisha usiwe wangu, uwe wa Auma.

Wasalimie Baba na mdogo wangu Kaveke. Muoki anakusalimia, anasema mluzi wa kwanza atakupigia wewe.

Ni mimi binti yako, nikupendaye pamoja na hasira hizi zote,

Kavindu