Nzala Asibadilishwe Jina

Shamba la mkonge, nje ya Korogwe
Jumapili alasiri

Mdogo wangu Raheli,

Shikamoo yako uliiweka mwishoni mwa barua, kana kwamba ulikuwa umeisahau. Mimi naijibu mwanzoni: marahaba, mama. Goti lako limepoa? Uwele umeingia kihengeni bila kunyeshewa? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, macho bado yanasoma mchana, na nyuma ya nyumba yangu mihogo imekubali.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mjukuu wako Nzala, tuliyempa jina la marehemu mama yetu, amerudishwa nyumbani na mwalimu. Anainuka katikati ya somo, anajibu kabla hajaulizwa, anawanyang'anya wenzake kalamu, na kibao chake cha kuandikia amekipoteza mara mbili. "Huyu mtoto ana siafu kitini," mwalimu alikuambia. Nao wazee wa ukoo wanasema mama alikuwa mtulivu, kwa hiyo jina limemkataa mtoto na ndilo linalomsumbua. Wanataka kumpa jina lingine, na shule aiache. Wanangoja neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye mzaliwa wa kwanza.

Neno langu ni hapana, na sababu ninayo.

Wewe ni kitinda mimba, Raheli. Mama aliyekulea wewe alikuwa na miguu iliyovimba. Alikaa kwa kuwa hakuweza kwenda. Aliyenilea mimi hakukaa. Alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasukuma mara kumi, huyo akaondoka, unga nusu na punje nusu. Bibi, mamaye baba, alitoka jikoni akifoka.

"Umekwenda wapi tena?"

"Mama, kuku ameingia kihengeni."

"Kuku ni wewe!"

Watu walicheka, lakini bibi hakuwa na mzaha. Alikwisha kusema angemrudisha mama kwao, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa maana yake. Kisha asubuhi moja, sijui nani alimshauri, aliliondoa lile kapu kubwa la uwele akamletea mama kibuyu kidogo. "Saga hiki. Ukimaliza, niletee jikoni mwenyewe, uje uchukue kingine." Mama alisaga, akainuka, akapeleka, akarudi. Jua lilipofika utosini unga ulikuwa tayari wote, naye alikuwa amekwisha kuwaona kuku wote wa boma. Hakutulia hata baada ya hapo. Ila unga ulipatikana, na hakurudishwa kwao.

Jambo hili nililisahau miaka mingi. Tangu nilipoacha ukarani nafundisha watoto wa wakata mkonge kusoma, katika banda la zamani la magunia. Yumo binti mmoja, Hadija. Siku moja, nikiwa naandika ubaoni, alizifunga pamoja nguo za wenzake wawili, nao walipoinuka wakaanguka. Nilimchapa. Kesho yake alifanya vingine, nikamchapa tena, na mkono ndio uliochoka. Ndipo nikakumbuka kibuyu. Sasa nampa hesabu mbili tu. Anazileta mezani kwangu, anarudi na nyingine mbili. Sikudanganyi, wiki iliyopita alitokea dirishani kwenda kuangalia lori. Lakini ukurasa mzima anausoma, na siku alipoumaliza mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikiimba peke yangu kama mlevi.

Basi nenda kwa mwalimu, kwa heshima, si kwa ugomvi. Mwombe ampe Nzala kazi kidogo kidogo, na amruhusu ainuke kuileta. Wazee uwaambie jina halikukosea njia. Kama hawakuamini, wamuulize shangazi yetu, ambaye najua ndiye aliyelianzisha neno hili. Mumsalimie sana, na mumkumbushe kwamba siku ile ya kuku ni yeye aliyecheka kupita wote.

Hapa shambani kuna mashine ya kusaga. Inanguruma asubuhi hadi jioni bila kupumzika, na mimi bado masikio yangu yanangoja inyamaze kidogo, kama lilivyonyamaza jiwe la mama.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mwanao anayekuandikia na kukusomea barua. Mwandiko wake umekuwa mzuri kuliko wangu. Wasalimie majirani wa upande wa kisimani, wale ambao bado wananijua.

Ni mimi kaka yako,
Yohana

Maneno ya chini ni ya Nzala. Asisomewe. Uliniambia anajua herufi ila mistari haimalizi, basi nimempimia.

NZALA, MIMI BABU YAKO.

JINA HILI NI LAKO.

INUKA, KAMPE BIBI MAJI.

UMERUDI? UMEBAKI MSTARI MMOJA.

BARUA UMEIMALIZA.