Sharti la Mihogo

Jumanne, Likombe, Mtwara. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimekata tamaa.

Asubuhi mama mdogo ameshuka kwenye lori kutoka Mahurunga. Amekonda mpaka nimeona haya kumtazama. Hakupewa mahindi ya msaada. Anayechagua majina ni kompyuta ya ofisini kwetu Dar, na aliyeiandikia programu ni mimi.

Sharti nililoandika ni hili: asiye na mihogo shambani, na awe mjane au amehamishiwa kijiji kipya, apewe. Mama mdogo ni mjane, na amehamishwa. Ila karani alipomuuliza kama ana mihogo, alisema anayo.

"Ninayo, mwanangu. Iko kule tulikohama, nguruwe wanaila. Ningesemaje sina? Wangeniona mvivu."

Nilipaswa kulijua hilo. Kwetu, mtu mzima gani hukiri mbele ya karani kwamba hana mihogo?

Dawa yake ni kuuliza pia kama shamba linafikika. Lakini sharti lile lile nimelinakili kwa kila kijiji, Msimbati, Mahurunga, mkoa mzima, na mwenzangu wa ofisini anapanda ndege kesho kurudi Dar na karatasi zangu za programu. Nikianza kunakili upya sitamaliza.

Basi nimeacha kunakili. Nimeandika vipande vidogo, kila kimoja mara moja tu: mihogo, umbali wa shamba, ujane, kuhamishwa. Kisha, humo humo kwenye karatasi, nimeielekeza kompyuta iviunge yenyewe viwe mti, pale penye "na" na pale penye "au" yagawanyike matawi, na zamu ya kila kijiji ikifika ijenge sharti lake kutoka humo. Rundo lile la karatasi limekuwa kurasa chache.

Ningefurahi. Siwezi.

Zamani nikikosea kunakili, kiliumia kijiji kimoja. Sasa tawi moja likikaa vibaya, mkoa mzima utalala njaa, na hapa Mtwara sina mashine ya kujaribia. Nimeukagua mti huu mpaka macho yanauma.

Mama mdogo ameondoka na lori la jioni. Alipokuwa anapanda aliniuliza, "Jina langu litatoka sasa?" Nikamjibu, "Litatoka, mama." Akaniamini, akaniombea dua.

Yeye alikuwa na mtu wa kumwendea. Nikiwa nimekosea tena, wale wa Msimbati watamwendea nani?