Mluzi Niliomfundisha Ekitela

Mpendwa Mshauri,

Salaam aleikum. Naomba msaada wako, na ikiwezekana unitangulize kidogo kwenye foleni, kwa sababu daktari amesema moyo wangu umechoka, nami nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo najua kusoma ramani hata ikiwa ni ya mwili wangu mwenyewe.

Nilizaliwa Biliqo, na kabla sijajua kusoma nilijua kurina asali, maana marehemu baba alinirithisha miti na miamba kumi na moja yenye nyuki, kila mmoja na mawe matatu chini yake, alama kwamba una mwenyewe, na kwetu mtu akiyaona mawe hayo hupita. Alinifundisha pia kumwita ndege wa asali, yule mdogo wa kijivu ambaye ukimpigia mluzi huja, akalia, akaruka mbele yako mti hadi mti mpaka penye nyuki, nawe ukimaliza kurina unamwachia sega lake juu ya jani. Sisi hupuliza kokwa ya tunda la mkoma iliyotobolewa, sauti moja ndefu inayopanda mwishoni.

Nilipohamia Bulla Pesa, hapa Isiolo, kufundisha nilikutana na Ekitela, mwalimu wa hesabu, Mturkana, mtu wa kanisa, rafiki ambaye sijapata mwingine kama yeye, ndiye aliyembeba mke wangu mikononi hadi kwenye gari siku alipozidiwa. Kila likizo aliniona nikirudi na mtungi wa asali, akawa ananiambia, "Mwalimu, safari hii twende wote, nionyeshe huko kwako," nami kila mara nina sababu, mara barabara, mara nyuki wamehama, mara goti. Ukweli ni kwamba niliogopa, kwa sababu kabla yake nilimwonyesha rafiki mwingine, Zachary, mti mmoja tu, akarudi bila mimi na wenzake wanne na shoka, wakauangusha, wakachoma nyuki na watoto wao, yale mawe matatu wakayafanya mafiga ya chai.

Lakini kumwambia Ekitela "hapana" kulinishinda. Siku moja aliponing'ang'ania sana nilimwambia mahali ni siri ya ukoo, ila nitamfundisha mluzi ajitafutie wake, na nikamfundisha wa uongo. Nilimwambia akunje viganja, apulize mara mbili fupi, anyamaze, kisha mara moja fupi, sauti niliyoibuni pale pale tukiwa tumesimama nyuma ya choo cha walimu, na hakuna ndege duniani aliyewahi kuisikia.

Akaenda nayo vichakani kando ya mto kila Jumamosi, miaka mingi, Mshauri, na akirudi mikono mitupu alijicheka mwenyewe mbele yetu, "Huyu ndege wenu ni mkabila, anataka kuona kitambulisho changu kwanza!" walimu wote wakaangua kicheko, nami nikicheka pamoja nao. Ila mara moja, tukiwa wawili, aliniuliza bila kucheka, "Mwalimu, kweli unafikiri ni kwa sababu mimi si wa hapa?" Nikamwambia, "Labda."

Sasa mwezi uliopita amekuja kunitazama na kopo la asali ya mwituni, nimeionja na naijua, akasema ndege amekuja. Amekuja kwa mluzi ule, si mara moja, mara nne. Akaupiga hapa kando ya kitanda nikausikia, ni ule ule, mbili, kimya, moja. Tangu hapo nawaza jambo hili tu. Je, ndege hujifunza? Maana anasema miaka hiyo yote alikuwa akipata nyuki mara mojamoja kwa macho yake tu, na bado alimwachia ndege sega juu ya jani kama nilivyomwagiza, sehemu pekee ya somo langu iliyokuwa kweli. Ndiyo kusema ndege alikaa mahali akisikiliza upuuzi wangu mpaka akajua maana yake?

Amenishukuru. Amewaambia watu wa kanisa lake kwamba mimi ndiye mwalimu wake wa asali. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe hutembei tena. Hiyo miti yako nani ataangalia? Nionyeshe, nikutunzie."

Nilipomweleza binti yangu Sahra alicheka, akasema, "Aba, watu wanakufa na madhambi ya kuogopesha, wewe unalilia mluzi?" Lakini sicheki. Nimwambie ukweli nimharibie furaha yake, au ninyamaze nizikwe na shukrani isiyo yangu? Na miti nimpe kama fidia, au niendelee kuificha? Na kama wewe unajua, tafadhali nieleze kabla sijaondoka: ndege yule alielewaje?

Mzee wa Bulla Pesa

MAMA BARWAQO ANAJIBU

Mzee wangu, aleikum salaam, na Mungu akupunguzie maumivu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mbili za kwanza nilikuwa namfuata ndege, ya tatu nikakasirika.

Niseme kwanza palipo na haki yako. Zachary alikuumiza, na miti ni urithi wa baba yako. Rafiki hata awe mwema namna gani hawezi kuidai. Ulikuwa na ruhusa kamili ya kusema, "Ekitela, nakupenda, lakini huko sikupeleki." Angenuna wiki moja, kisha angekuja kunywa chai. Wewe ulimnyima hata nafasi ya kununa, ukampa mluzi wa nyuma ya choo.

Lakini hata mluzi si kitu kinachonikera zaidi. Kinachonikera ni ile "labda". Mtu alikuuliza kama anakataliwa kwa sababu si wa hapa, na wewe ndiye mtu pekee duniani uliyejua jibu. Hapa Isiolo, ambako wengi wetu tumewahi kuulizwa swali hilo dirishani kwa karani au sokoni penye mifugo, ulimwacha rafiki yako aamini kwamba hata ndege wa porini anamuuliza. Sahra ni mtoto mzuri, ila katika hili usimsikilize. Si jambo dogo.

Basi mwite Ekitela wiki hii. Sahra atoke nje. Usianze na habari za moyo wako, maana atakuonea huruma na kukusamehe kabla hajajua anasamehe nini. Anza na lile swali lake: "Uliniuliza, nikakujibu labda, na nilijua si kweli." Kisha mweleze mluzi ulivyoubuni, kisha Zachary, mwisho mwambie kwamba wenzake walipocheka na wewe ulicheka, ukijua ukweli.

Unasema utamharibia furaha. Mwalimu mzima! Wewe ulimpa sauti tupu. Waliomleta ndege ni Ekitela mwenyewe, Jumamosi zake na masega yake, na leo anakushukuru wewe kwa kazi aliyoifanya yeye. Ukinyamaza utakuwa umemchukulia hata hiyo. Ndege alielewaje? Mimi si mtaalamu, na nakiri nimekuwa nikiwatazama ndege wa uani kwangu kwa jicho jingine tangu nikusome. Nadhani umekaribia jibu, lakini aliyekuwa kule porini ni Ekitela. Mkibaki mnaongea, muulize yeye.

Miti usiiguse siku hiyo. Ukiitoa pamoja na maungamo itakuwa hongo ya kumzuia asikasirike. Akirudi siku nyingine kwa hiari yake, ndipo uamue. Ukiamua kumwonyesha, sema masharti waziwazi: shoka libaki nyumbani, mawe yasiguswe, asimpeleke mtu yeyote bila Sahra kukubali. Ukiamua kumkatalia, mkatalie kwa mdomo wako, usimtajie tena barabara wala goti.

Ukishamaliza kusema, nyamaza. Usijitetee, wala usikohoe kikohozi cha kuomba huruma. Akiinuka akaondoka bila kuaga, mwache aende na hasira yake, ni haki yake na imechelewa miaka mingi. Simu iweke karibu na mto wako, lakini anayepiga asiwe wewe.