Kinga ya Msumeno

Jumatatu, 3 Machi
Milango ya mteja wa Sigino: sita tayari, minne bado. Mninga mkavu. Kinga ya msumeno wa meza, ile inayofunika meno, inanizuia nisione mstari wa kukatia. Nimeifungua, nimeisukuma chini ya benchi. Bura, mwenzangu hapa karakana, hakupenda. "Baba Eliya, rudisha hicho kitu. Sheria umeiandika mwenyewe ukutani." Nikamwambia miaka kumi na minane, vidole bado kumi. Nilijiona fundi.

Jumatano, 5 Machi
Nilikwenda Mutuka kupima madirisha. Kinga sikuirudisha. Niliporudi, watu wamejaa mlangoni. Damu mezani. Bura amekatwa vidole viwili, mkono wa kushoto.

Hospitali nilimkuta mkewe. Akaniuliza, "Shemeji, kinga ilikuwa wapi?" Nikasema labda Bura aliitoa, alikuwa na haraka.

Nimesema hivyo. Bura amelala pale pale.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeirudisha kinga. Imechukua dakika tatu tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mteja wa Sigino amekuja kuona milango. Akasema, kwa aliyoyasikia, Bura ni mzembe, heri nibaki peke yangu. Nikampa kiti. Sijipendi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikuimba. Mama Paulina, mke wa Bura, alinisalimia vizuri, akamuulizia mwanangu Eliya. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeshindwa kazi. Nimekwenda kwao Nangara. Bura alikuwa kliniki kubadilishwa bendeji. Nikamwambia Mama Paulina yote: kinga niliitoa mimi, na hospitali nilidanganya.

Akaendelea kuchambua maharage. "Najua, shemeji. Alinieleza siku ile ile alipoamka. Alisema aliona bado haipo, akaona aibu kuirudisha wakati wewe unafanya kazi bila hiyo. Akanikataza nisikuulize tena."

Akaniwekea chai. Nimeinywa. Sikujua nifanye nini kingine.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia mteja wa Sigino, nikamweleza mzembe ni nani. Akauliza tu milango itakuwa tayari lini.

Jumatatu, 17 Machi
Bura amekuja karakana, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Hakuugusa msumeno. Alikaa juu ya mlango ambao haujapigwa randa, tukaongea habari za mvua. Niliomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa barabarani.

Aliposimama kuondoka, kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Akaitazama, akajaribu kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti, nikaifunga.

"Usikaze sana," akasema.

Nikailegeza.