Ombi la Kumwondoa Mzee Abdi

Kwa Mwende, mjukuu wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyanya yako. Mbaazi zimetoa maua.

Nimelisoma swali lako mara tatu, nami sina utulivu: wanamgambo wanaowasaka Wakristo wakirudi huko Garissa unakofundisha, je, ujifiche kwa jirani yako Mwislamu, kama anavyokusihi?

Nilipokuwa kijana hapa Tulia, hofu ya mashifta, wale waasi wa Kisomali wenye silaha, ilipotanda, majirani waliniomba niandike ombi kwa chifu ili Mzee Abdi, jirani yetu Msomali, aondolewe. Ndiye aliyechinja mbuzi wa kila harusi, ili Wakristo na Waislamu wale pamoja. Niliandika kwa ufasaha, nikajisifu. Kabla sijaipeleka barua, ikafika harusi ya dada yangu, naye akaja na kisu chake kama kawaida.

"Kijana, nasikia umeandika barua nifukuzwe. Hebu nisomee."

Nikamsomea.

"Kiswahili chako kinashinda changu," akasema. "Sasa shika miguu ya mbuzi, wageni wana njaa."

Nilishika. Barua sikuipeleka.

Jirani yako simjui, Mwende, na hofu yangu haijaisha. Hata hivyo, siku hiyo ikifika, ingia kwake upesi, kisha unipigie. Simu haitoki mkononi mwangu.

Ni mimi, babu yako.