Usipa Umedoda, Mimi Sijafilisika

Mbinga Sokoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Tangu uliponiambia linakusumbua ukiinuka kanisani, kila nikiwaona akina mama wa huku wanavyoteremka milimani na mizigo kichwani nakukumbuka wewe. Na kuku je, waliponea ule ugonjwa? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Baridi ya asubuhi bado inanionea, mtu unaoga kwa kujilazimisha, lakini nimeshaizoea.

Barua hii nampa Mwalimu Hezroni, yule kijana wa kwetu Kiomboi anayefundisha huku Kigonsera. Anakuja likizo, nimemwomba akusomee mwenyewe, taratibu. Sikupiga simu kwa makusudi. Simu ya hapo nyumbani anaishika kaka Yona, na habari zangu zikipita kwake hazifiki kama nilivyozituma.

Nimesikia alichowatangazia. Kwamba nimefilisika, na kwamba lazima nirudi nyumbani kabla ya mvua nikakae jikoni kwa wifi. Mama, neno hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Nilianza huku na beseni moja la vitumbua, na hakuna aliyenipa mtaji, yeye akiwemo. Basi naomba nikueleze yaliyotokea, halafu uamue mwenyewe kama huko ndiko kufilisika.

Unajua kazi yangu. Nanunua usipa, hawa dagaa wa Ziwa Nyasa, kule Lituhi, nauleta Mbinga kuwauzia wakulima wa kahawa. Kwa hiyo ingawa nauza samaki, kinachonilisha ni kahawa. Ikipata bei nzuri, Mmatengo, mwenyeji wa milima hii, anashuka sokoni anachukua usipa bila kuuliza mara mbili. Mwaka huu bei ilipotangazwa, wazee walitoka kwenye mkutano wa ushirika wakaelekea makwao bila kupita sokoni. Karani alikuwa amewaambia bei imejirekebisha. Redioni wakasema soko limeyumba, na vijana wa bodaboda wakasema vyuma vimekaza. Mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi nilipomuuliza, akasema tu kahawa imelala, akanunua chumvi akaondoka. Hata hakuugeukia usipa.

Na mimi nilikuwa nimeshajaza stoo. Magunia sita, mtaji wangu wote. Usipa ukadoda. Kudoda, Mama, ni kama alizeti yetu mwaka ule ilipokaa ndani mpaka panya wakaizoea: mali ipo na ni nzima, mnunuzi ndiye hayupo. Ila alizeti inavumilia. Usipa ukipata unyevu wa mvua unaota ukungu, na hapo kweli ningekuwa sina kitu. Kaka Yona alipiga simu nikiwa katika hali hiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba bei imeporomoka na biashara imekwama. Yeye akaenda kutangaza msiba.

Nilifanya kosa moja, na lilikuwa kosa la mtu wa kuja. Nilishusha bei. Kopo la elfu moja nikaliweka mia saba, nikaita watu kwa sauti. Nilidhani watajaa, kumbe ndiyo nawafukuza. Mama mmoja alichota kidogo, akanusa, akarudisha, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, huu ulinyeshewa?"

Nikamwapia kwamba ni mkavu. Akasema asante, akaenda kununua meza ya mbele kwa elfu moja. Elfu moja, Mama, na usipa wenyewe ulikuwa mdogo kuliko wangu.

Meza ya jirani anauza maharage Mama Osmunda, Mmatengo wa huko juu, mwanamke mwenye maneno. Alinivumilia, mwisho uvumilivu ukamwisha. "Wewe mwenzetu," akasema, "unauza samaki au unaomba msamaha?"

Akanieleza kwamba sokoni hapa bei ya kopo haiguswi. Ukiigusa, watu wanajua mali ina ugonjwa. Na kuna kingine: mtu aliyerudi na kahawa isiyo na bei hapendi kutangaziwa kwa sauti kwamba sasa anauziwa vya bei ya chini. Hali ikiwa ngumu, muuzaji anajaza kopo, anamimina kwenye mfuko, kisha anachota nyongeza kwa mkono.

"Bei iache ilipo," akaniambia. "Ongeza mkono. Na ukiongeza, usimwangalie usoni."

Nikapiga hesabu palepale. Kopo kwa mia saba, au kopo na karibu nusu yake kwa elfu moja, kwangu ni kitu kilekile. Tofauti ni kwamba la kwanza linaitwa kuanguka na la pili linaitwa roho nzuri. Nikarudisha bei yangu. Siku ya soko iliyofuata yule mama aliyenusa akapita, nikamjazia kopo, nikachota viganja viwili vikubwa huku natazama maharage ya jirani. "Eh, dada leo umeamka vizuri," akasema. Kesho yake akamleta mdogo wake.

Magunia yote sita yameisha na mvua bado. Faida imeshuka, sikufichi. Gunia lililokuwa linanipa elfu ishirini safari hii limenipa elfu nane. Lakini elfu nane imeingia, Mama, haikutoka. Kufilisika ni pale inapotoka.

Juzi nimekwenda Lituhi kununua tena. Huko nako hali si nzuri, kwa kuwa sisi wachuuzi tunakwenda na hela kidogo. Mama anayeanika usipa ninaonunua hakusema neno la kushuka. Alisema bei ni ileile, akapima, kisha akaniongezea beseni zima huku anatazama ziwani. Mimi nikatazama gari. Njia nzima ya kupanda Mbinga nilikuwa nacheka peke yangu, mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa.

Kwa bei hiyo ya kule na mkono wa huku, hata kahawa ikilala mwaka mwingine nitakula na kulipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo sirudi. Nitakuja Krismasi kukuona, na nikikuona nitageuza.

Msalimie wifi, mwambie jiko lake libaki lake. Msalimie baba mdogo, na yule bibi jirani anayekuchotea maji goti likizidi. Mfuko mdogo wa usipa aliobeba Mwalimu ni wa huyo bibi, mkubwa ni wako. Kaka Yona naye msalimie sana, maana alichofanya alikifanya kwa kunihurumia. Mwambie ile nauli aliyonitumia ya kunirudisha nyumbani nimemrudishia kwenye simu yake. Ataikuta imepungua kidogo kwa sababu ya makato. Hayo ni juu yake, sikumwagiza kutuma.

Ni mimi binti yako, bado nipo mezani kwangu,
Tumaini